Halloween ya Kimya Kimya: Watu Wasio na Majina Waliotuachia Usiku wa Pipi na Riwaya za Kutisha

Ikifika Oktoba 31 simu zinajaa picha zilezile. Damu ya bandia shavuni, meno ya Dracula, ukumbi umetandazwa utando wa buibui, DJ kavaa kama maiti. Hiyo ndiyo Halloween inayopostiwa, na siku hizi hata Nairobi na Dar zipo kumbi zinazoandaa usiku huo.

Ila Marekani na Kanada kuna Halloween nyingine ambayo haina kelele. Mtu yuko zake nyumbani. Taa ya barazani inawaka, maana yake mgeni anakaribishwa. Pembeni ya mlango kuna bakuli la pipi, mkononi kuna riwaya ya kutisha. Anasoma kurasa tatu, kengele inalia. Anafungua, anakuta mizimu midogo mitatu na buibui mmoja. Anagawa pipi, anampungia mkono mzazi aliyesimama gizani kwa nyuma, anafunga mlango, anarudi kwenye kitabu chake. Ikifika saa mbili au saa tatu usiku shughuli imeisha, mtaa umelala.

Unaweza kuona ni kitu chepesi tu cha watu wasio na pa kwenda. Kumbe jioni hiyo imetengenezwa kwa mamia ya miaka. Imewahi kuwa vita kabisa kati ya watoto na watu wazima, na kuna wakati ilikaribia kufa kwa sababu ya woga. Na walioitengeneza karibu wote hawana majina kwenye vitabu vya historia. Ni maskini wenye njaa, wahamiaji, watoto watundu, akina mama wa nyumbani, na waandishi ambao vitabu vyao vilitoka bila jina kwenye jalada. Tuwafuate mmoja mmoja.

Wapiga hodi wa kwanza

Mizizi ya Halloween iko Ireland na Scotland, kwenye sikukuu ya kale iitwayo Samhain. Ilikuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi kali. Mifugo inarudishwa kutoka malishoni, giza linaanza kuingia mapema, na watu waliamini kwamba usiku huo mpaka kati ya walio hai na viumbe wa upande wa pili unalegea.

Baadaye Kanisa lilipoweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na kesho yake ikawa siku ya kuwaombea marehemu, vitu hivyo viwili vikakaa jirani. Jina lenyewe la Halloween linatokana na hapo: ni mkesha wa Watakatifu Wote.

Sasa huko Uingereza ya zamani, siku hizo maskini walikuwa wanazunguka nyumba hadi nyumba. Wakibisha, mwenye nyumba anawapa keki ndogo iliyoitwa keki ya roho. Na wao hawakuondoka hivihivi. Waliahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Yaani hii haikuwa sadaka tupu, yalikuwa makubaliano. Wewe unanipa mkate, mimi nakupa dua kwa ajili ya mama yako aliyelala. Aliyekuwa na tumbo tupu alikuwa na kitu ambacho mwenye ghala lililojaa alikihitaji.

Mtu wa pwani akisoma hapa atawakumbuka watoto wa Idi, nguo mpya, viatu vinabana, wanapita kwa majirani na ndugu kuchukua mkono wa Idi. Mila hizi mbili hazina undugu, kila moja imetoka kwake. Ila zinafanana kwenye jambo moja: kuna siku katika mwaka ambayo mtoto ana haki ya kubisha mlango wa mtu mzima, na mtu mzima anajiandaa kwa ajili yake.

Scotland na Ireland waliongeza vinyago. Watoto walivaa nguo kuukuu za wakubwa, wakajipaka masizi usoni, wakaenda kwa majirani. Lakini mkono mtupu haukufaa. Ilibidi uimbe, useme shairi au ufanye kichekesho, ndipo upewe tufaha, njugu au sarafu. Taa yao haikuwa boga. Walichonga tanipu, ule mzizi wa duara ulio kama kiazi kigumu, wakautoboa macho na mdomo na kuweka mshumaa ndani. Ukiona picha za zile taa za tanipu zilizohifadhiwa makumbusho ya Ireland utakubali kwamba boga ni zuri mno. Tanipu iliyokauka inafanana na uso wa mzee aliyekasirika tangu alipozaliwa.

Walioivusha bahari

Mwaka 1845 ugonjwa ulishambulia viazi Ireland. Viazi ndivyo vilikuwa chakula cha kila siku cha maskini, na vilipooza shambani hapakuwa na mbadala. Njaa ile ilidumu mpaka 1852 hivi. Takriban watu milioni 1 walikufa, na zaidi ya milioni 1 wengine wakapanda meli kuondoka, wengi wao wakielekea Amerika Kaskazini.

Hao ndio walioipeleka Halloween upande wa pili, pamoja na wahamiaji wa Scotland. Hakuna shujaa mmoja wa kutajwa. Hakuna sanamu ya "mtu aliyeleta Halloween Marekani." Walifika hawana kitu, wakadharauliwa kwa ulafudhi wao na dini yao, wakafanya kazi za chini. Walichobeba bila kulipia nauli ni mila zao. Huko wakakuta boga, kubwa, laini kuchonga, lina nafasi ya mshumaa ndani. Tanipu ikastaafu.

Vita ya mageti na sabuni

Hapa ndipo wengi hawajui. Mwanzoni Halloween ya Marekani haikuwa usiku wa pipi. Ulikuwa usiku wa vituko. Vijana wa kiume waling'oa mageti na kwenda kuyaficha, wakapaka sabuni madirisha ya watu, wakaangusha vyoo vya nje, wakapandisha mkokoteni juu ya paa la ghala. Kijijini ambako kila mtu anamjua mtoto wa kila mtu, kesho yake watu wanacheka na geti linarudishwa.

Mjini ikawa noma. Hakuna anayemjua mwenzake, na kituko kinageuka uharibifu: vioo kuvunjwa, matairi kutobolewa, wazima moto kuitwa kwa uongo. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na vijana wakawa mtaani hawana kazi, hali ikawa mbaya zaidi, na baadhi ya miji ilifikiria kuipiga marufuku kabisa.

Mji mmoja mdogo wa Minnesota, Anoka, ulikuwa umeshachoka mapema. Watu walikuwa wakiamka asubuhi wanakuta ng'ombe wanazurura barabara kuu. Mwaka 1920 wakazi wakaandaa gwaride la Halloween ili vijana wapate pa kwenda. Mpaka leo Anoka inajiita makao makuu ya Halloween ya dunia.

Lakini suluhisho lililoshinda halikutoka kwa meya wala polisi. Lilitoka mlangoni, kwa akina mama wa nyumbani. Waliona bora kumwita yule mtundu ndani, kumpa donati na kinywaji cha moto, kuliko kumsubiri na fimbo gizani. Ule msemo wa "trick or treat", yaani tupe kitu kitamu au tukufanyie kituko, ulianza kuonekana kwenye magazeti ya Kanada miaka ya 1910 na 1920, kisha ukashuka Marekani miaka ya 1930. Mwaka 1939 jarida moja la mambo ya nyumbani Marekani lilichapa makala ya mama aliyekuwa akiwafungulia watoto nyumba yake usiku huo, akiwashauri wenzake wafanye vivyo hivyo.

Uangalie vizuri huo msemo. Ni tishio. Ni mtoto wa miaka saba anakutoza kodi ya ulinzi. Na watu wazima wakaamua kulipa, tena kwa tabasamu, kwa sababu pipi moja ni rahisi kuliko geti jipya. Amani ya mtaa ilinunuliwa kwa sukari.

Sukari yenyewe ikaja kuadimika. Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, Marekani ikaanza kugawa sukari kwa mgao mwaka 1942, na mgao ukaisha 1947. Baada ya hapo familia nyingi changa zikahamia vitongoji vipya nje ya miji, nyumba zimepangana, kila moja na mlango wake mbele na taa yake. Mazingira yakawa yamekaa tayari. Miaka ya 1950 mila ikaenea nchi nzima. Mwaka 1950 watoto wa Philadelphia walizunguka na maboksi ya maziwa wakiomba sarafu kwa ajili ya watoto wenye shida nchi nyingine, wakapata dola 17. Mchezo huo mdogo ndio uliokuja kuwa mchango mkubwa wa kila mwaka wa UNICEF.

Kitabu kiliingiaje hapo?

Riwaya ya kutisha nayo ina historia ya kujificha. Mwaka 1764 London kilitoka kitabu kinaitwa The Castle of Otranto, kinachotajwa sana kuwa riwaya ya kwanza ya aina hiyo kwa Kiingereza. Aliyekiandika alikuwa mwanasiasa mwenye heshima zake. Akaogopa kuchekwa. Akadanganya kwamba eti ni tafsiri ya maandiko ya zamani ya Kiitaliano. Kitabu kilipopendwa, ndipo akajitokeza na kukiri kuwa ni chake.

Miaka ya 1790 kampuni moja ya London, Minerva Press, ikafurika sokoni na riwaya za majumba yenye mizimu. Nyingi ziliandikwa na wanawake, na wengi wao hawakuweka majina. Kwenye jalada unakuta tu kwamba mwandishi ni bibi fulani. Wahakiki waliwadharau, ila wasomaji walilipa ada kwenye maktaba za kuazimisha ili wazipate.

Halafu ikaja 1816. Mlima wa volkano Tambora, Indonesia, ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia na majivu yake yakavuruga hali ya hewa. Ulaya ikakosa kiangazi. Kando ya ziwa Geneva, kundi la marafiki likafungiwa ndani na mvua, wakaamua kushindana kutunga hadithi za kutisha. Binti wa miaka 18 ndiye aliyetoka na hadithi iliyoishi kuliko zote, Frankenstein. Kilipochapwa Januari 1818, nakala 500, jina lake halikuwepo. Wasomaji wengi walidhani ni kazi ya mwanaume. Ilibidi ifike 1823 ndipo toleo la pili la London likaja na jina la Mary Shelley.

Na hapa kuna kitu kingine cha kushangaza. Waingereza wa karne ya 19 hadithi za mizimu walizisoma Krismasi, siyo Halloween. Magazeti yalitoa hadithi hizo Desemba, familia zikakaa karibu na moto, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanatetemeka. Katika jarida la Household Words lililoanzishwa 1850, waandishi hawakutajwa. Jina lililosomeka ni la mhariri tu, Charles Dickens. Msomaji alitishwa usiku kucha na mtu asiyemjua.

Ni karne ya 20, huko Marekani, ndipo mambo ya kutisha yalipohamia Oktoba. Vinyago, maboga, redio, sinema, kisha riwaya za bei nafuu za kuweka mfukoni. Carrie ya Stephen King ilipotoka 1974 na kuuza kwa wingi, riwaya za kutisha zikapata rafu zao dukani. Mtu anayekaa nyumbani kusubiri watoto akapata cha kufanya kati ya kengele moja na nyingine.

Mwaka hofu ya kweli ilipobisha hodi

Mwaka huohuo wa 1974, usiku wa Halloween huko Texas, mtoto wa kiume wa miaka minane alikufa baada ya kula pipi ya unga iliyowekewa sumu ya sianidi. Nchi ikashikwa na baridi. Kila mzazi akaangalia bakuli la jirani kwa jicho jingine.

Uchunguzi ukaonyesha ukweli mwingine. Sumu haikutoka kwa jirani. Ilitoka kwa baba mzazi wa yule mtoto. Alikuwa na madeni, na alikuwa amewakatia watoto wake bima ya maisha. Ili kifo kionekane ni kazi ya mgeni, aliwapa pipi kama ile binti yake na watoto wengine. Kwa bahati hao hawakuzila. Alihukumiwa, na hukumu yake ya kifo ikatekelezwa kwa sindano mwaka 1984.

Pamoja na ukweli huo kutoka mahakamani, kilichobaki vichwani ni mgeni mwenye sumu. Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya kumeza dawa za maumivu zilizochezewa na mtu ambaye hajajulikana, na woga ukaongezeka. Hospitali zikaanza kupiga eksirei pipi za watoto. Mtafiti mmoja wa sosholojia alipitia ripoti za magazeti kuanzia 1958, akitafuta mtoto aliyeuawa au kuumizwa vibaya na mgeni kwa sumu ya kwenye pipi za Halloween. Hakupata hata kesi moja iliyothibitika.

Lakini uongo ulikuwa umeshafanya kazi yake. Keki za kuoka nyumbani zikaisha. Bisi zilizoshikizwa kwa asali zikaisha. Tufaha likawa kitu cha kutiliwa shaka. Bibi aliyekuwa anaamka asubuhi kupika kwa ajili ya watoto wa mtaa akajikuta keki zake zinatupwa kwenye pipa kona ya mbele. Ikabaki pipi ya kiwandani tu, imefungwa na kiwanda, kwa sababu watu waliamini kampuni wasiyoijua kuliko jirani wanayemwona kila siku. Hiyo ndiyo hasara ya kweli ya miaka ile, na baba wa Texas ndiye aliyeanza kuwalipisha majirani wote dhambi ya nyumbani kwake.

Waliofungua tena

Wengine hawakukubali mlango ufungwe. Detroit ilikuwa na usiku wake wa balaa, Oktoba 30, vituko viligeuka kuchoma nyumba. Mwaka 1984, ndani ya siku tatu, moto zaidi ya 800 uliwashwa. Katikati ya miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya wakazi walijitolea kulinda mitaa yao usiku huo. Waliwasha taa za barazani, wakazunguka kwa magari na kwa miguu, wakaupa usiku jina jipya la Usiku wa Malaika. Moto ukapungua mno. Nani atawataja wote hao? Ni watu waliokesha barazani na jaketi zito na tochi, basi.

Mwaka 2012 huko Tennessee, mama mmoja mwenye mtoto ambaye baadhi ya vyakula vinaweza kumuua kwa mzio, akapaka boga rangi ya samawati ya kijani na kutoa vitu vya kuchezea badala ya pipi. Mwaka 2014 wazo lake likasambazwa Marekani nzima. Leo ukiona boga la rangi hiyo mlangoni, ujue hapo hata yule mtoto asiyeweza kula karanga atatoka na kitu.

Na tusisahau familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Minnesota, Texas, Ohio na kwingineko. Wapo wanaoipokea Halloween, wapo wanaoikataa kwa sababu ya dini, Wakristo kwa Waislamu. Mtaa una kanuni yake rahisi kwa wote. Taa inawaka, bisha hodi. Taa imezimwa, pita nyumba inayofuata, usimsumbue mtu. Hakuna anayelazimishwa kufungua, na ndiyo maana anayefungua anathaminiwa.

Ukiwapanga wote kwenye mstari, maskini wa keki ya roho, mhamiaji wa njaa ya viazi, mama wa donati, mwandishi asiye na jina, mlinzi wa Detroit, wanafanana kwa jambo moja. Kila mmoja alikutana na mtu asiyemjua usiku, na akaamua kumpa kitu badala ya kumwogopa. Mwandishi wa kutisha naye yumo, kwa sababu alitupa hofu ambayo ukifunga kitabu inaisha. Hofu ya jirani haina jalada la kufunga. Ikishaingia mtaani inakaa miaka.

Mtoto aliyevaa kinyago hakutajii jina lake, na wewe humtajii lako. Mnapeana pipi na kicheko kwa sekunde kumi halafu anapotelea gizani. Pipi yenyewe ni ya senti chache. Kilicho ghali pale ni mlango kufunguliwa.

Sasa swali ni lako msomaji. Mtaani kwenu leo, mtoto usiyemjua akibisha saa moja usiku, utafungua au utachungulia kwanza dirishani? Na kama una siku yenu ya watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba, ilikuwaje enzi zako na ikoje sasa? Tupia hapo chini, tusome wote.